Faida kwetu, taka kwa jirani



Ndugu msomaji, wiki hii naomba idhini yako nianze na kosa letu wenyewe kabla ya kuyagusa ya wengine. Mwenye kulalamikia uchafu wa soko ilhali kizingiti chake hakijafagiliwa hastahiki kusikilizwa.

Msikiti wetu, kama ilivyo misikiti mingi ya Dar es Salaam, una fremu za maduka upande wa barabarani. Ni mali ya waqfu, na ziko saba. Kodi yake ndiyo inayolipa umeme na maji, posho ya ustadhi wa madrasa na matengenezo madogo madogo. Wapangaji wake ni muuza kuku, muuza chipsi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka la rejareja, fundi cherehani, kinyozi na fundi pikipiki. Nyuma ya fremu hizo unapita mtaro wa maji ya mvua, na ng'ambo ya mtaro anaishi bibi mmoja mjane ambaye riziki yake ni maandazi na vitumbua anavyovipika kabla ya Alfajiri.

Masika ya mwaka juzi, mvua ilianza usiku wa manane na haikupumzika. Ilipofika saa mbili asubuhi, maji yalikuwa yameingia madrasa, yakalowesha mikeka na juzuu zilizokuwa katika rafu ya chini. Nyumbani kwa bibi yule yalifika magotini. Gunia lake la unga, sukari, ndoo ya mafuta na mkaa, yaani mtaji wake wote wa biashara, viliharibika kabla hajapata wa kumsaidia kuvinyanyua.

Mvua ilipopungua, vijana waliingia mtaroni na majembe. Walitoa manyoya ya kuku, chupa za maji, vifungashio vyepesi vya plastiki, vipande vya vitambaa, mifuko ya saruji iliyogeuka mawe, na mafuta ya kukaangia yaliyoganda na kuyashika hayo mengine yote mfano wa gundi. Hakikuwamo kitu kigeni. Kila kilichotolewa tulilijua duka lake.

Nilikwenda kumpa pole bibi yule. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole wake wa siku zote, kisha akasema: "Ahsante, mwanangu. Lakini wewe ndiye katibu, hebu nikuulize. Kodi ya maduka yenu hamniletei, wala sijapata kuidai. Mbona taka zake mnaniletea?"

Sikuwa na jibu. Jioni Kamati ilikutana, nami nikaanza kuandika muhtasari chini ya kichwa "Athari za mvua kubwa". Mzee mmoja, mjumbe wa siku nyingi, alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Akasoma nilichokiandika, akaniambia kwa sauti ya chini: "Katibu, mwanangu, usiandike mvua. Mvua imenyesha mtaa mzima. Andika mtaro." Nikafuta, nikaandika mtaro.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafakari juu ya biashara na mazingira, na fikra zangu zote hurejea kwenye swali la bibi.

Gharama isiyoingia daftarini

Mfanyabiashara mwangalifu huandika kila kitu. Ananunua mali, huandika. Analipa kodi ya pango, umeme, mshahara wa kijana wake na nauli ya mzigo, vyote huandika. Mwisho wa mwezi hutoa matumizi katika mapato, na kinachobaki hukiita faida. Lakini kuna gharama moja ambayo aghalabu haiingii daftarini: gharama ya kile anachokiacha nyuma. Moshi wa jiko lake, oili chafu aliyoimwaga chini, plastiki aliyoitupa mtaroni, mti uliokatwa ili yeye apate mkaa. Hakuna anayemletea risiti ya vitu hivyo, naye hudhani kwamba ni vya bure.

Si vya bure hata kidogo. Risiti ipo, ila imepelekwa kwa mtu mwingine. Katika mtaa wetu ilipelekwa kwa bibi wa maandazi, akailipa kwa gunia lake la unga. Kwingineko hupelekwa kwa mkulima ambaye chemchemi yake imekauka baada ya msitu wa mlimani kufyekwa, kwa mvuvi anayevua nailoni badala ya samaki, au kwa mtoto anayevuta moshi wa taka zichomwazo nyuma ya nyumba yao.

Ndiyo maana napata tabu na namna tunavyozungumza habari ya kampuni au duka kuhifadhi mazingira. Huzungumzwa kana kwamba ni hisani, jambo la ziada ambalo tajiri hulifanya akishashiba. Mimi naona ni kulipa deni. Hisani ni pale mtu anapotoa kilicho chake. Anayezoa taka zake mlangoni kwa jirani hajatoa kitu, ameacha kudhulumu tu.

Sheria ya nchi nayo inaona hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania imeitaja kanuni ya mchafuzi kulipa. Na kwa Muislamu jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Katika fiqhi, msingi wa kuondoa madhara haukuishia katika kupigana na kuibiana. Wanachuoni walijadili kwa kina moshi wa matanuri na mahamamu uingiao katika nyumba za watu, harufu ya viwanda vya ngozi, na mtikisiko wa vinu unaopasua kuta za jirani. Walijiuliza ni lini mwenye kazi azuiwe, na ni lini jirani astahamili.

Masoko ya miji ya Kiislamu yalikuwa na muhtasib, msimamizi ambaye wengi wetu tunamjua kwa kukagua mizani na vipimo tu. Kazi yake ilikuwa pana kuliko hiyo. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa wasimamizi hao huko Shamu katika karne ya 12 Miladia, anawataka wachinjaji wasichinjie milangoni mwa maduka wakainajisi njia kwa damu na kinyesi, na anawataka waokaji mikate wawe na mapaa ya juu yenye tundu kubwa la kutolea moshi. Miaka zaidi ya mia nane iliyopita, mizani iliyopunjwa na damu iliyomwagwa njiani zilikaguliwa na mtu yule yule. Zote mbili zilihesabiwa kuwa ni kula haki ya mwingine.

Jongoo wa Bamburi

Yumkini msomaji atasema: hayo yanawezekana kwa bucha na tanuri la mkate, lakini kazi kubwa lazima iharibu. Nitaleta mfano wa kazi kubwa sana, tena wa pwani yetu hii hii, kaskazini kidogo ya mji wa Mombasa.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa mwamba wa matumbawe ya kale ambayo bahari iliyaacha nchi kavu. Kuupata mwamba huo kulihitaji kufyeka kila kilichomea juu yake, kisha kuchimba hadi kukaribia maji ya chini ya ardhi. Baada ya miaka ipatayo ishirini palibaki jangwa jeupe: jiwe tupu, jua kali, maji ya chumvichumvi, na hakuna udongo hata wa kujaza kiganja.

Mwaka 1971 bwana shamba wa kampuni hiyo, Mswisi René Haller, alianza jaribio la kupahuisha mahali pale. Alipanda aina 26 za miti. Zilizoshika ni tatu tu, miongoni mwake mnazi na mvinje. Mvinje ndio uliotia fora, kwani mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyouwezesha kujipatia naitrojeni kutoka hewani, nao hustahamili chumvi.

Lakini tatizo jingine likazuka. Majani ya mvinje, yaliyo kama sindano, yalianguka yakarundikana bila ya kuoza. Pasipo kuoza hapana mboji, na pasipo mboji hapana mti mwingine utakaomea. Ndipo ilipobainika kwamba jongoo, mdudu ambaye watoto wetu humchokoza ili wamwone akijikunja, huyala majani yale. Jongoo wakaletwa kwa wingi. Wakala, wakatoa kinyesi, kinyesi kikawa mboji, na udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe. Ikafuata miti mingine, kisha ndege, mabwawa ya samaki na wanyama. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na familia hulipa kiingilio kwenda kutembea. Wengi watakumbuka mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akahamishiwa huko, akafanya urafiki na kobe mzee. Kivuli walichokaa chini yake kilikuwa machimbo.

Mambo mawili katika kisa hiki yamenigusa. La kwanza ni kwamba shimo lilihesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi. Alikuwako mwajiriwa anayelishughulikia, wakati na fedha, kama vile alivyokuwako anayeshughulikia tanuri. La pili ni subira. Miti 23 ilipokataa, hawakusema kwamba jiwe ni jiwe. Walitazama mitatu iliyokubali, na walipokwama tena walimtazama jongoo.

Wala simaanishi kwamba kwa hayo deni lote la saruji limelipwa. Uzalishaji wa saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za wanadamu. Kuliponya shimo si kuuponya moshi. Lakini anayelipa sehemu ya deni na kukiri kilichobaki yuko mbali sana na yule anayesema hadaiwi.

Maswali matatu kwa kila duka

Turudi mtaani. Mwenye fremu moja hana machimbo wala bwana shamba. Hata hivyo, anaweza kujiuliza maswali matatu kuhusu biashara yake: ninachotumia kinatoka wapi, ninakitumiaje, na kinaishia wapi?

Swali la kwanza linamhusu sana mwenye kupika. Mkaa unaouzwa mjini ulikuwa mti, tena haukuwa mti mmoja. Katika tanuri za udongo za kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo kadhaa za kuni, aghalabu kati ya 5 na 10. Serikali ilikwisha kuzielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia ulioanza mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shule zetu, madrasa za bweni na wapishi wa walima wamo ndani ya hesabu hii.

Najua mama lishe hawezi kuuacha mkaa kwa tamko la gazeti. Mtungi wa gesi unataka fedha nyingi kwa mara moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Lakini kati ya kuacha na kutojali kuna hatua nyingi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria iliyofunikwa vyema huokoa moto. Jiko banifu hutumia mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Mkaa mbadala, unaotengenezwa kwa kushindilia vumbi la mkaa, maranda au vifuu vya nazi, unapatikana katika masoko kadhaa. Na mama lishe watano wakicheza mchezo kwa nia ya kununua mitungi, kila anayepokea zamu yake akanunua, mwisho wa mzunguko wote watano wanayo.

Swali la pili, la namna ya kutumia, ndilo lenye faida ya haraka, kwa kuwa linagusa mfuko wa mwenye duka mwenyewe. Chukua friji ya soda. Weka kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha kivute. Kikitoka bila ya kuzuiwa, mpira wa mlango umechakaa, na umeme wako unavuja usiku na mchana. Chukua taa. Ile ya zamani ya waya yenye wati 60 hutoa mwanga unaokaribiana na wa taa ya LED ya wati 9. Ikiwaka saa kumi kwa siku, tofauti ni takriban uniti 15 za umeme kwa mwezi, kwa taa moja. Chukua paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 2,000. Hata tukitoa yanayopotea, kinyozi na muuza chipsi wana maji ya kusafishia, na ule mtaro wa nyuma umepunguziwa mzigo.

Swali la tatu, kinaishia wapi, ndilo lililotufedhehesha sisi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini kwetu, kama Rwanda ilivyofanya mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Wakati ule tulishuhudia mitaro ikipumua. Lakini baada ya muda vifungashio vyepesi, vilivyokusudiwa kufungia bidhaa na si kubebea, vikaanza kutumika kama mifuko. Mwenye duka anajua. Mnunuzi anajua. Kila mmoja anamngojea mwenzake akatae kwanza.

Ama taka nyingine, nyingi si taka ila kwa sababu zimechanganywa. Chupa za plastiki zikitengwa zina mnunuzi wa kwa kilo. Maranda yana mfugaji wa kuku anayeyahitaji. Maganda ya viazi huliwa na mbuzi. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka huchujwa na kutengenezewa sabuni. Oili chafu ya pikipiki hukusanywa katika dumu na kuuzwa kwa wanaoihitaji, ilhali ikimwagwa chini huenda kwenye kisima. Tena ukivichanganya vyote katika kiroba kimoja, hapana anayevitaka, na safari yake ni moja tu, mtaroni.

Ghushi ya rangi ya kijani

Naomba kuonya juu ya jambo moja. Kwa kuwa watu wameanza kuyajali mazingira, wamezuka wafanyabiashara wanaouza sifa ya kuyajali bila ya kuyajali. Bidhaa hupakwa rangi ya kijani na picha ya jani, ikaandikwa kuwa ni rafiki wa mazingira, na hakuna kilichobadilika ndani yake. Kampuni huja na wapiga picha, ikapanda miche hamsini, ikaondoka. Mche haumwagiliwi kwa picha. Ukirudi baada ya miezi mitatu utakuta vijiti.

Tunajua hukumu ya anayeuweka mtama mkavu juu na uliolowa chini ili kumhadaa mnunuzi. Sioni tofauti kati yake na huyu. Mwenye biashara aseme alichokifanya, kwa kiasi alichokifanya: nimeacha vifungashio, bado nipo katika mkaa. Kauli hiyo ya nusu ina heshima kuliko lebo nzima ya uongo.

Tulichoamua, na kilichotugharimu

Nirudi kwenye muhtasari wangu. Baada ya kuandika "mtaro", mjadala ulikuwa mrefu. Wapo waliotaka tuwafukuze wapangaji. Wapo waliosema tuwaombe tu kwa wema. Imamu alisema neno lililotutuliza: kabla ya kuwahukumu wapangaji, tujue kwamba sisi ndio wenye mali, na kwa miaka yote tulipokuwa tukipokea kodi hatukuwahi kuuliza taka zinaishia wapi. Mkataba wetu ulikuwa na ibara ya kuchelewesha kodi, na haukuwa na neno moja kuhusu uchafu.

Tuliamua mambo matatu. Kwanza, kumlipa bibi thamani ya unga, sukari, mafuta na mkaa wake kutoka katika kodi ya fremu. Hapo pakazuka swali la namna ya kuandika. Mweka hazina alitaka kuandika "msaada kwa mjane". Imamu akakataa. Msaada, alisema, ni kwa mtu ambaye huna deni naye. Tukaandika "fidia". Bibi alipoletewa fedha aliuliza ni sadaka ya nani. Alipoambiwa ni haki yake, alizipokea kwa mikono miwili, akasema sasa anaweza kuzila.

Pili, tuliandika upya mkataba. Kila fremu iwe na mapipa mawili yenye vifuniko, la vinavyooza na la visivyooza. Muuza kuku asitoe unyoya wala damu nje ya pipa lake. Muuza chipsi awe na kishimo cha kunasa mafuta kabla ya maji kufika mtaroni. Anayekiuka mara tatu haongezewi mkataba. Na kwa kuwa tuliona si uadilifu kumtwisha mpangaji peke yake gharama ya kosa tulilolishiriki, tulimsamehe muuza chipsi kodi ya mwezi mmoja ili ajenge kishimo hicho.

Tatu, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wapangaji na wajumbe wa Kamati huzibua mtaro pamoja, kila mtu na jembe lake, katibu akiwamo.

Sitaki kukuficha, ndugu msomaji: haikuwa rahisi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kodi yake ilikuwa kubwa kuliko zote, aliona tunamsumbua, akahama. Fremu yake ilikaa tupu miezi minne, na kila mwezi mweka hazina alinikumbusha idadi ya shilingi tuliyoipoteza. Posho ya ustadhi ilichelewa mara mbili, nami niliona haya kukutana naye. Kulipa deni hukata fedha mfukoni, na atakayekuambia kwamba kuhifadhi mazingira daima huongeza faida anakupumbaza. Mara nyingine huongeza, kama ile taa na mpira wa friji. Mara nyingine hupunguza, na hapo ndipo hujulikana nani alikuwa amekusudia.

Masika iliyopita mvua ilikuja tena kwa nguvu. Maji yalipanda hadi kizingiti cha bibi, yakasita, yakateremka. Hayakuingia ndani. Yangeteremka haraka zaidi kama si sehemu ya chini ya mtaro, nje ya eneo letu, ambayo bado imeziba. Huko kuna maduka mengine na wenye fremu wengine, na Kamati imekwisha kuwaandikia barua kupitia serikali ya mtaa. Mto Msimbazi, unaopokea maji ya mitaro mingi ya jiji letu, haujazwi na duka moja, wala hautasafishwa na duka moja.

Neno kwa familia

Usiseme kwamba wewe huna duka. Mezani kwako hufika matokeo ya maamuzi ya maduka mengi. Mama anayebeba kikapu chake sokoni amemwondolea muuzaji kisingizio. Baba anayemuuliza fundi gereji "oili hii unaipeleka wapi?" amefanya kazi ya muhtasib bila ya kilemba. Mtoto anayetumwa dukani na chombo cha kutilia mafuta anajifunza somo ambalo hatalisahau. Na kama familia yenu ina nyumba ya urithi yenye fremu, au ninyi ni wajumbe wa kamati ya waqfu kama sisi, utoeni mkataba wa upangaji leo hii muusome. Tazameni kama upo mstari unaosema taka zinakwenda wapi. Kama haupo, basi zinakwenda kwa jirani.

Bibi wa maandazi bado anapika. Nikipita baada ya swala ya Alfajiri hunifungia mawili katika karatasi, nami humlipa kabla sijaonja. Wiki iliyopita alinionesha ndoo mpya ya unga aliyoiweka sakafuni, mahali pale pale palipofurika. "Nimeiteremsha, mwanangu," akasema. "Msinifanye niipandishe tena."

Tunamuomba Allah atujaalie riziki ambayo haijamfukuza mwingine katika riziki yake, na atusamehe tuliyoyaacha mlangoni kwa majirani zetu bila ya kujua, na yale tuliyoyaacha hali tunajua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.